Maji Laini, na Wale wa Nje

Mapendo mwanangu,

Valize yako iko kwenye korido, imefungwa, na maman yako ameshaifungua tena kuongeza vitu. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kupiga simu ukifika, yeye ameshayasema na kesho atayarudia mpaka dereva achoke. Huko mimi sitii mkono. Naandika kwa sababu ya maneno niliyoyasikia leo mchana, ambayo hayakuwa yangu kuyasikia.

Mlikuwa jikoni mnamenya ndizi. Mimi nilikuwa napita kutafuta miwani yangu. Ukamwambia, kwa ile sauti yako ya chini: "Nitaenda tu Luberizi, maman. Ata kukiwa mubaya. Ni miye nilifunga ile robinet ya maji, haiko mutu mwingine." Nilisikia kisu cha maman yako kimesimama. Nikarudi chumbani nikinyata, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, bila miwani.

Ningeingia nikaongea nawe hapo hapo. Baba mwingine angeingia. Lakini unanijua. Miaka yote hii ofisini mimi ni chef du personnel, mkuu wa wafanyakazi, mtu akikaa mbele yangu naanza kumsemesha kama vile nasoma kanuni za règlement. Ningekuambia mambo matatu yenye mpango mzuri, ungeitika "ndiyo papa", na ungeondoka na mzigo wako vile vile. Kwa hiyo nimekaa kuandika, ili nikianza kusema kama ofisini niweze kufuta.

Wacha nianze na mashati, kwa sababu kweli ilianzia kwenye mashati.

Unakumbuka jinsi nilivyokuwa nalalamika. Kila shati jeupe lililoingia nyumba hii lilitoka na rangi ya majivu baada ya kufuliwa mara chache. Maman yako alikuwa anasugua mpaka vidole vinachubuka, sabuni haitoi povu, inafanya utando mweupe juu ya beseni. Bouilloire ya kuchemshia maji ilikuwa na gamba ndani kama ganda la yai. Chauffe-eau ya bafuni ilikufa, fundi alipoifungua akakuta ule waya wa kupashia maji umevaa jiwe. Nami nilikuwa naenda ofisini na kola ya kijivu, nakaa mbele ya vijana wanaoomba kazi, najiona mtu amechoka. Sasa nacheka. Wakati ule sikucheka. Nilikuwa na aibu ya shati kuliko aibu nyingine nyingi ambazo zilinistahili zaidi.

Maji yetu ya forage, ya kile kisima tulichochimba, ndiyo yalikuwa hivyo. Yanatoka chini kwenye mawe na yanakuja na chokaa yake. Koko yako wa Katana, yule mzee wetu, alikuwa anatucheka, anasema kwao sufuria zote zina jiwe jeupe ndani na yeye amekunywa maji hayo tangu kuzaliwa, na bado ana nguvu ya kutugombeza. Alikuwa na haki. Lakini mimi nilikuwa nimeona, katika hoteli moja nilikotumwa kwa formation, mafunzo ya kazi, kile chombo wanachokiita adoucisseur, mashine ya kulainisha maji. Nilioga pale, sabuni ikafanya povu la ajabu, nikarudi Bagira na jambo moja tu kichwani.

Nikakupa wewe kazi hiyo. Ulikuwa umemaliza masomo yako ya hydraulique, ya maji na mabomba, uko nyumbani unasubiri kazi, na mimi nilikuwa nataka kukuonyesha kwamba nakuheshimu. Hilo ni kweli, lisije likapotea katikati ya mengine.

Siwezi kusahau jinsi ulivyopanga chupa kwenye meza ya kulia. Moja ya maji ya mvua, moja ya maji ya mji ambayo tulibahatika kuyapata siku ile, moja ya forage yetu. Ukatia sabuni ya maji kidogo kidogo, sawa kwa zote, ukafunga vifuniko, ukatupa kila mtu chupa yake atikise. Maji ya mvua yalijaa povu mpaka shingoni. Yetu yakafanya mabonge meupe kama mashanza, maziwa yaliyoganda. Maman yako akasema, "Ah, basi ni hii inaniuaka mikono." Na wewe ukasema neno ambalo nilipaswa kuliandika ukutani: "Lakini papa, hii maji iko muzuri ya kunywa. Ni sabuni tu inagombana nayo."

Nilisikia. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaendelea kufikiria povu.

Ulinieleza mashine inavyofanya kazi, na nilielewa, kwa maana ulieleza vizuri. Kuna pipa lenye punje ndogo ndogo za rangi ya asali, maji yanapita katikati yake na chokaa inashikwa pale. Punje zikijaa, mashine inazisafisha kwa maji ya chumvi kutoka pipa la pili, uchafu unatupwa nje, kazi inaanza upya. Kwa hiyo kuichagua si kuangalia uzuri wake. Ni kujua maji yako yana ugumu gani, na watu wako wanatumia maji kiasi gani kwa siku. Ukikosea hapo, punje zinachoka mapema, na chumvi haikuachi upumue.

Muuzaji wa mjini alipouliza kwa simu, "Nyumba yenu iko na batu ngapi?", uliziba simu kwa kiganja ukanigeukia. "Papa, nihesabie na bale ba inje?"

Nikasema, "Useme sisi."

Sijui kama uliliona neno hilo linavyopita. Mimi lilinipita. Nilifikiri nimejibu swali la fundi.

Wale wa nje walikuwa nani? Mapendo, ulikuwa bado mdogo tulipochimba forage. Maji ya mji yalikuwa yanakuja yanavyotaka, na mimi nilikuwa nimepata cheo, nikasema sasa basi. Lori la mabomba lilikwama kwenye matope kule chini, kwenye ile kona ya avenue yetu, mvua imeshaanza. Dereva alitaka kumwaga kila kitu pale na kurudi. Nani alipandisha yale mabomba? Majirani. Wanaume kwa wanawake, begani, wanateleza, wanacheka. Maman Nsimire, ambaye hata hakuwa na mwaka tangu ahamie ile parcelle ya ng'ambo ya njia, alibeba upande mmoja wa bomba pamoja na mumewe, na jioni akatuletea chungu cha maharage, anasema leo hamkupika. Maji yalipotoka, maman yako akataka robinet moja, bomba la kuchotea, iwekwe karibu na lango, upande wa nje wa ukuta. Hatukuandika popote. Ilikuwa wazi tu, kwamba hao watu watachota. Kwa miaka nilikuwa naamka nasikia bidon zao za maji zinagongana pale, na nilikuwa najiambia mimi ni mtu mwema. Nilisahau kwamba haikuwa sadaka. Yale mabomba nisingeyapandisha peke yangu.

Mashine ilipofika ulinishauri tuchukue ile isiyotegemea umeme, inayopima maji yenyewe na kujisafisha ikishatosha. Nilichagua ile nyingine, yenye saa na kioo chenye taa ya kijani. Niliona ni ya kisasa. Ukaniambia umeme wetu unavyokatika, saa itapotea, itajisafisha wakati wowote. Nikakuambia tutaizoesha. Maneno ya mtu aliyezoea kuzoesha wafanyakazi. Hilo nalo nimelifanya sana maishani, kuchagua kitu kwa sababu kinaonekana vizuri kikiwa kimesimama, kisha kumwachia mtu mwingine kazi ya kukifanya kitembee.

Uliifunga wewe mwenyewe nyuma ya jikoni. Nilikuwa nakupitishia vifaa kama mwanafunzi wako, na nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi. Tulikosana kidogo tu kuhusu bomba la maji machafu. Mimi nilitaka yaende kwenye bustani, ukasema chumvi itaua mboga, nikasema mboga inataka maji. Lengalenga ya maman yako ikafa yote, na hakunisemesha mpaka jioni ya pili. Ulihamisha bomba bila kusema "nilikuambia." Una moyo huo. Wakati mwingine natamani ungesema.

Na ulikuwa na wazo lingine. Ulitaka, kabla maji hayajafika kwenye mashine, utoe tawi moja liende moja kwa moja kwa robinet ya nje. Wale wa nje wapate maji ya forage kama zamani, sisi tupate laini, mashine isichoke. Wazo safi kabisa. Lakini bomba lilikuwa limepita chini ya barza, na barza nilikuwa nimetoka kuiweka pavé mpya nyekundu, matofali ya kutandaza chini. Nilitazama zile pavé. Nikasema, "On verra. Tutaangalia après."

Ndiyo hivyo mashine yetu ilivyoanza kulainisha maji ya avenue nzima.

Chumvi ilikuwa inaisha haraka ajabu. Umeme ukikatika saa inachanganyikiwa, mashine inajisafisha mchana katikati, robinet ya nje ikiwa wazi na watu wamepanga bidon, maji yanakosa nguvu ya kuisuuza vizuri. Siku moja Maman Nsimire alipiga hodi langoni, ameshika kikombe. "Papa Mapendo, leo iko na chumvi. Muonje." Nilionja. Ilikuwa kweli. Badala ya kuona aibu, nilikasirika. Nilikasirika kama mtu aliyepewa sababu aliyokuwa anaitafuta.

Jioni ile nilikuita. Nilikuwa nimekaa barzani, juu ya zile pavé. Nikakuambia upige hesabu, ni sehemu gani ya maji inayotoka kwa robinet ya nje. Ulipiga. Sehemu kubwa. Ulinionyesha, na uliongeza, "Njo maana naomba tutoe tawi, papa." Nikasema, "Tunafunga kwanza. Tawi tutaangalia." Ukauliza, "Sasa bale batachota wapi?" Nikasema, "Kabla ya forage yetu walikuwa wanachota wapi? Unipe clé." Ulinipa. Nikaishika ile spana, nikaitazama, nikakurudishia. Nikasema, "Ufunge weye, mikono yako inajua."

Soma hapo tena, Mapendo. Usiharakishe. Clé ilikuwa mkononi mwangu. Mimi mwenyewe niliiomba, nikaipata, nikaona kwamba nikienda langoni na clé, watu watanitazama usoni. Nikakurudishia wewe. Ulitoka, ukakaza bouchon, kile kizibo cha robinet, ukarudi ukanawa mikono muda mrefu. Nilikuona, nikafungua redio.

Ilikuwa kiangazi. Hakuna mvua ya kukinga kwenye mabati. Maji ya mji yalikuwa hayapandi Bagira kabisa. Wale waliokuwa wakichota kwetu walianza kushuka kwenye kijito cha bondeni, ambako unajua kila choo cha mlima huu kinaishia. Niliwaona wakipita na bidon. Nilikuwa nimevaa shati jeupe sana.

Ugonjwa wa kuhara ulipoingia, uliingia mahali pengi. Hilo ni kweli na nimelishika kama mtu anavyoshika mti kwenye mafuriko. Nilijiambia mjini uko, Kadutu uko, nani anaweza kusema Maman Nsimire aliupata kwenye kile kijito? Hakuna anayeweza kusema. Na wewe huwezi kusema, ingawa umeshajihukumu. Tunachokijua ni kwamba alikuwa na mimba kubwa, mumewe yuko Kamituga kwenye machimbo, walimpeleka usiku kwa moto, pikipiki ya kukodi, amefungwa kwa kitenge nyuma ya dereva, yeye akapona, mimba ikatoka.

Sasa nifikie kile ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata maman yako, ingawa nadhani anakijua.

Kama angekuwa amefiwa na mtoto aliyezaliwa, ningekwenda. Msiba ungewekwa, viti vya plastiki vingepangwa njiani, wanaume wangekaa upande mmoja, ningekaa nao mpaka asubuhi, ningetoa mchango, ningesema yale maneno yanayosemwa. Najua kufanya hivyo. Nimezika watu wengi. Lakini kwa mtoto ambaye hakufika, kwetu hapa hakuna kiti kinachopangwa. Wanawake wanaingia mmoja mmoja na chupa ya chai, wanatoka kimya. Mwanaume hana mahali pa kusimama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipata desturi ya kujificha nyuma yake. Nilijiambia si adabu mwanaume kwenda kumsemesha mwanamke mambo hayo, mume wake hayupo. Yote hayo ni kweli, na yote nilikuwa nayatumia.

Nikakutuma wewe. Kilo za sukari, sabuni, mfuko wa unga. Nikakuambia, "Umusalimie, umuambie papa anamupa pole." Ulikwenda. Ulirudi umepauka. Nikakuuliza amesema nini. Ukasema, "Amesema aksanti. Amesema akusalimie na weye." Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilishusha pumzi. Ile salamu iliniweka vizuri muda mrefu. Nilikuwa nalala usingizi kwa salamu hiyo. Sikukuuliza wewe uliona nini kule ndani, ulikaa wapi, ulitazama wapi alipokuwa anapokea ile sabuni. Nilikutuma uipeleke aibu yangu kwake, na ulipoirudisha sikuipokea. Ikabaki kwako. Leo jikoni ndipo nilipoisikia ilipo.

Wiki ile uling'oa pavé zangu bila kuniomba ruhusa. Niliporudi kutoka kazini nilikukuta umepiga magoti kwenye shimo, barza imepasuka katikati, maman yako amekushikia taa. Ukatoa lile tawi. Kazi ya siku moja. Ilikuwa kazi ya siku moja tangu mwanzo. Robinet ya nje ikarudi kutoa maji, magumu, mazuri ya kunywa, na majirani wakarudi kidogo kidogo, kwanza watoto, kisha mama zao. Isipokuwa mmoja. Maman Nsimire anapita mbele ya lango letu na bidon yake anakwenda mbali, kwenye ile borne, bomba la watu wote la kanisani. Anatusalimia vizuri. Anauliza habari za masomo ya wadogo zako. Hachoti. Hajasema neno baya hata moja, na kila asubuhi nikimwona anapita najifanya natafuta kitu kwenye begi.

Sasa unaondoka. Unakwenda kuwafungia watu wa Luberizi mabomba katikati ya mashamba ya mpunga, na barabara ya kule, kwa hali tunayoishi sasa, inafunguliwa na kufungwa na watu wenye bunduki ambao hakuna aliyewachagua. Naogopa. Nalisema wazi, kwa kuwa nimekuwa baba anayejifanya haogopi na haikusaidia mtu. Maman yako anaogopa kwa sauti, mimi naogopa tumboni. Lakini kazi ni nzuri, uliipigania, na kama ungeniambia unaipenda, ningekubebea valize mwenyewe.

Kinachonisumbua si barabara peke yake. Ni lile neno "ata kukiwa mubaya." Mtu anayependa kazi haanzi na neno hilo. Hilo ni neno la mtu anayekwenda kutumikia adhabu. Na mtu wa namna hiyo hajichungi, Mapendo. Akiambiwa leo usipite, anapita. Akiugua, anasema nilistahili. Nimewaona ofisini, watu wanaofanya kazi kama vile wanajipiga, kila mtu anawasifu mpaka siku wanapoanguka. Sitaki wakusifu hivyo.

Ulipiga hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Uliniambia njia iliyo nzuri, ukairudia. Uliuliza watachota wapi. Mtu mmoja tu alikuwa na uwezo wa kusema funga au usifunge, na alikuwa amekaa barzani. Usinifanyie upole hapa. Ukisema "ni miye nilifunga" unadhani unajibeba mwenyewe, kumbe unanibeba mimi, na mimi ni mzito na nina miguu.

Sitasema huna hata chembe ya kosa. Ungekasirika, na haki yako. Ungeweza kukataa ile clé. Nimelifikiria hilo sana, na nilivyokulea ndivyo ulivyoipokea: katika nyumba hii tangu ukiwa mdogo papa akinyoosha mkono kitu kinachukuliwa. Nilikuwa najivunia watoto wasiobisha. Watu walikuwa wananisifia kanisani. Kama kuna kitu naomba ukiache hapa Bagira, ni hicho. Huko Luberizi watakuja watu wenye haraka, wenye gari na kofia ya kazi, watakuomba namba, na namba zako zitakuwa sahihi, nao watazitumia kufanya jambo walilokwisha kuliamua. Utawajua haraka, wanafanana na mimi. Wakikuambia andika sisi, uwaulize sisi ni nani. Uwaulize mbele ya watu. Na wakikurudishia clé mkononi, uiweke chini.

Nimeandika mengi na bado sijaandika nilichokaa kuandika.

Kesho asubuhi sitakusindikiza mpaka kwenye gari. Usidhani nimekasirika, wala usimwache maman yako akutungie sababu. Nimepiga hesabu ya asubuhi yake: Maman Nsimire hutoka na bidon kabla jua halijashika, akitoka hapo anakwenda sokoni na harudi mpaka jioni, na mimi jioni nitakuwa nimeshapata sababu nyingine. Ni saa ile ile unayoondoka. Nimejaribu kupanga vinginevyo, na kila nilivyopanga niliona najipa nafasi ya kutokwenda. Kwa hiyo nitakubusu hapa ndani, kisha nitavuka njia.

Sijui nitasema nini. Nimeandika maneno pembeni nikayachana, yalikuwa ya ofisini. Sina sukari mkononi, sina unga. Anaweza kuniacha nimesimama. Anaweza kuniambia yale yote ambayo wewe hakukuambia, na nitayasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni ya kwangu na yamekaa muda mrefu kwa mtu yasiyomhusu. Anaweza kusema aksanti tena na kufunga mlango, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Gari lenu litapita pale. Kama utaniona nimesimama langoni kwake, nimeinama, nimekaa, vyovyote vile, usimwambie dereva asimame. Najua moyo wako, mguu utakuwa umeshashuka. Kaa ndani ya gari, mwanangu. Mara hii usije kunisaidia.

Papa yako